Mwaka Tuliompima Paka

Siku ya arobaini ya Mama Mkubwa Somoe nilikaa uani kwake Nachingwea pamoja na wanawake wa mtaa, tukisugua masufuria kwa majivu na magunzi ya mahindi. Pilau ilikuwa imeshaliwa. Wanaume walikuwa bado barazani kwenye mikeka wakimalizia kahawa, na huku nyuma mazungumzo yalikuwa yameshatoka kwenye kilio yakaingia kwenye vichekesho, maana mtu akishasomewa hitma watu hupata ruhusa ya kumcheka kidogo. Mwanamke mmoja nisiyemjua, aliyeolewa mtaani baada ya mimi kuondoka, akauliza: "Eti ni kweli marehemu alikuwa akipima paka kwenye mizani?" Wengine wakacheka hadi mmoja akaangusha kifuniko. "Paka na sungura," akajibu Mama Chiku, jirani yake wa miaka yote, ambaye sasa ni bibi wa kutembelea mkongojo. "Kila Jumamosi. Sisi tulidhani ufiwa umemchanganya akili. Muulizeni huyo hapo, ndiye aliyekuwa akisoma mshale." Wote wakanigeukia, mikono yangu imejaa majivu mpaka viwikoni. Nilisema tu, "Ni kweli." Lakini moyoni nilijisikia kama mtu aliyetajwa kwa cheo chake.

Nilifika kwake nikiwa na miaka kumi na sita, nimetoka Ruangwa juu ya lori la magunia, na begi moja na godoro lililofungwa kwa kamba ya katani, nije kuanza kidato cha tatu. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule ndogo. Chumba changu kilikuwa nusu chumba, nusu ghala: upande mmoja godoro langu, upande wa pili magunia ya ufuta wa msimu uliopita yakisubiri bei, na harufu yake, ile harufu ya mafuta na vumbi tamu, iliingia kwenye sare zangu hata wenzangu darasani wakaniita Ufuta. Jiko lilikuwa nje, la udongo na bati, na nyuma yake palikuwa na banda la sungura lililoinuliwa juu ya miti ili wasilale kwenye unyevu. Sungura walikuwa wawili, majike wote, Pili na Tatu. Mosi alikufa kabla sijafika, na jina lake halikupewa mwingine. Bwana mkubwa wa nyumba alikuwa paka dume wa madoa meusi na meupe aitwaye Karani, kwa sababu hapakuwa na mfuko, ndoo wala mgeni aliyeingia uani bila kukaguliwa naye.

Mama Mkubwa alikuwa amestaafu kazi ya uhudumu katika zahanati za vijijini, Lionja kwanza, kisha Ruponda, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kupima watoto uzito. Kila aliyelelewa huku anaijua picha ile: mizani inaning'inia kwenye boriti, mtoto anavalishwa kikaptura cha kitambaa, anaachiwa miguu ikipiga hewa, analia mpaka anageuka zambarau, na mama yake anatazama mshale kama mtu anayesubiri hukumu. Yeye alikuwa upande wa pili wa mizani hiyo karibu maisha yake yote. Alipostaafu, na mumewe akafariki baada ya kuugua muda mrefu, akabaki na nyumba kimya na mazoea yake. Nadhani mikono yake ilikataa kustaafu. Akaanza kupima waliobaki naye: paka na sungura.

Jumamosi asubuhi, kabla mnyama yeyote hajala, tulitoa mizani. Zilikuwa mbili. Ndogo ilikuwa ya mezani, ambayo siku nyingine ilipimia unga wa maandazi. Juu yake tuliweka beseni, ndani ya beseni kitambaa ili kucha zisiteleze, na sungura akakalishwa akiwa amefunikwa macho kwa kiganja. Kubwa ilikuwa ile ya kusimama juu yake kwa miguu, aliyoinunua mnadani kwenye vitu vya mtumba, imepauka rangi lakini mshale wake ni mkweli. Hii ilikuwa ya Karani, maana Karani alikataa beseni. Mara ya kwanza nilipojaribu kumtia humo alinichana kutoka kifundo cha mkono hadi kiwiko. Kwa hiyo Mama Mkubwa alimpakata kifuani, akapanda naye, mimi nikapiga magoti na kuusoma mshale. Kisha akamshusha paka, akapanda peke yake, nikasoma tena. Nikatoa hesabu ya pili kwenye ya kwanza, kilichobaki ni Karani. "Kilo nne," nilisema, naye akaandika kwa chaki kwenye mlango wa jiko, chini ya mchoro wa masikio mawili yaliyochongoka. Kila mnyama alikuwa na safu yake mlangoni, na jikoni kwetu ulikuwa ukipika huku Pili, Tatu na Karani wakikutazama kwa tarakimu.

Alikuwa mkali juu ya mambo hayo. Siku ileile, saa ileile, tumbo tupu, mizani ileile, na msomaji ainame mpaka jicho liwe sawa na mshale. "Ukisoma umesimama unasoma tamaa yako," alisema. Nilipomuuliza kwa nini tunajisumbua wakati wanyama wanaonekana wazima, akanitazama kwa huruma. "Zuhura mwanangu, mnyama mdogo haugui hadharani. Akionekana anaumwa, mwewe anamchukua. Kwa hiyo anaficha. Ataficha mpaka siku ya kufa. Lakini uzito hawezi kuuficha."

Majirani walituona kupitia ua wa mabua. Mama Chiku aliuliza swali ambalo watu wote waliuliza: "Mnauza?" Sikumshangaa. Huku kwetu kinachopandishwa kwenye mizani kinauzwa: korosho, ufuta, mbaazi, choroko, mbuzi. "Hatuuzi," nilijibu. "Basi mnawanenepesha kwa ajili ya Idi?" "Hapana, tunawaangalia afya." Akaenda zake akitikisa kichwa, na jioni nikasikia kicheko nyumbani kwake. Mama Mkubwa aliendelea kupepeta mchele kama hakusikia. "Wakicheka wanapata afya na wao," alisema.

Mwishoni mwa mvua Tatu alianza kupungua. Kwa macho alikuwa mnene, manyoya yamejaa kwa ile baridi ya asubuhi, na alikuja mbio mlangoni kila nilipoleta matembele. Wiki ya kwanza mshale ulirudi kidogo, tukasema labda amepimwa akiwa amekojoa. Wiki ya pili ulirudi zaidi. Mama Mkubwa akamtoa kwenye beseni, akapitisha vidole mgongoni, akauchukua mkono wangu na kuuweka palepale. Chini ya yale manyoya laini nilisikia mifupa, mmoja baada ya mwingine, kama shanga. "Umeona?" akasema. "Manyoya yanadanganya." Tukamkalisha karibu na majani tukamtazama. Alikuwa akija mbio, anauma jani, analigeuza mdomoni, analiacha lianguke, anachukua lingine. Mimi niliyemlisha kila siku sikuwa nimeliona hilo, kwa sababu nilikuwa nikiangalia mbio zake tu.

Bwana mifugo wa siku hizo alikuwa kijana mpole mwenye baiskeli. Alimshika Tatu, akamfungua midomo kwa kidole gumba, akatuonyesha: meno ya mbele yalikuwa yamerefuka yakapishana, hayakutani tena. "Huyu ana njaa mbele ya chakula," alisema. Akayapunguza kwa koleo ndogo, Tatu amefungwa kwenye khanga kama mtoto mchanga, akatuambia tumpe na vijiti vibichi vya kutafuna ili yasirefuke tena. Alipokuwa akinawa mikono akauliza ni nani aliyegundua, maana wengi humwita yeye wakati sungura ameshalala ubavu. Mama Mkubwa akanionyesha kwa kidevu. "Huyo. Ndiye anayesoma mshale." Jumamosi iliyofuata Tatu alikuwa amepanda. Niliandika tarakimu ile mwenyewe mlangoni, kubwa kuliko zote, na nilipokwenda shule Jumatatu nilitembea kama mtu aliyefaulu mtihani ambao wenzake hawakujua kama ulikuwepo.

Sasa niseme jambo ambalo mwenyewe sikulifikiria wakati ule. Ili kupata uzito wa paka, ilibidi kila wiki nijue uzito wa Mama Mkubwa. Mlangoni uliandikwa wa paka tu. Wa kwake haukuandikwa wala kutajwa. Yeye asingeweza kuuona: kifua chake kipana kilimzuia, na macho yake ya karibu yalikuwa yameanza kufifia. Ilikuwa namba ya kupita tu, kama maji unayosuuzia kikombe. Lakini mimi nina kichwa kinachoshika namba. Januari alikuwa sabini na moja. Sikuwa nimekusudia kuikumbuka. Julai, nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi la baridi, nilisoma sitini na sita, nikatoa, nikasema "Kilo nne," na kabla sijasimama nikaikumbuka ile namba ya Januari. Karani alikuwa yuleyule. Aliyekuwa akipungua ni aliyembeba.

Sikusema. Nilianza kutazama. Nilimwona akinywa maji kata baada ya kata, asubuhi, mchana, katikati ya kula. Nilimwona akila vizuri, tena kuliko mimi, ugali wa muhogo kwa kisamvu cha karanga, na baadaye anaegemea ukuta wa jiko na kufumba macho kama aliyelima heka nzima. Akitaka kutunga uzi kwenye sindano alikuwa akinipa mimi. Na nilimwona alivyovaa: gauni juu ya gauni, khanga kiunoni, khanga begani, na juu ya yote koti la sufu. Ilikuwa msimu wa baridi, kila mtu alijifunika. Lakini Septemba ikafika, joto likarudi, mikorosho ikaanza kutoa maua, na yeye alikuwa bado ndani ya nguo zote zile, jasho linamtiririka shingoni.

Sikuwa peke yangu niliyeona. Siku moja nikiwa kwenye foleni ya bomba, nimekaa juu ya ndoo yangu nyuma ya wanawake wawili wasionijua kwa sura, nikawasikia. "Bi Somoe na joto lote hili, amejifunga kama mzigo wa kabichi." "Anaficha." "Anaficha nini?" Yule wa pili hakujibu moja kwa moja. "Mumewe alikufaje?" aliuliza. Wote wawili wakanyamaza, ule ukimya wa miaka ile, ambao hakuna aliyehitaji kuutafsiri. Mtu akikonda siku zile, watu walikuwa na jibu moja tu, na walilisema kwa kushusha sauti au kwa kutolisema kabisa. Nilichota maji yangu nikaenda. Njiani nilielewa kwamba Mama Mkubwa alilijua jibu hilo kabla yao. Mumewe alikuwa mfanyabiashara wa safari ndefu, alikufa amekonda, na hakuna aliyewahi kumpima. Yale magauni hayakuwa ya kuwadanganya watu wa bombani. Alikuwa akijidanganya mwenyewe kwanza.

Jumamosi hiyo nilisoma sitini na tatu. Nikatoa hesabu. "Kilo nne," nilisema, naye akashika chaki. Sikuinuka. "Karani yuko vilevile, Mama Mkubwa," nikasema. "Wewe umepungua."

Chaki ilibaki mlangoni bila kuandika. "Nimekuambia unipime mimi?"

"Sikukupima. Nimetoa tu hesabu."

"Basi toa hesabu ya paka, ukomee kwenye paka." Alipokasirika kweli aliacha Kiswahili akaingia Kimwera, na siku hiyo alisema mengi kwa Kimwera akielekea chumbani, mengine sikuyaelewa, na nadhani ndiyo maana aliyasema. Akafunga mlango. Karani akaja akakaa juu ya mizani peke yake, kwa hiari yake, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na mshale ukasogea kidogo tu.

Wiki zilizofuata hapakuwa na kupima paka. Niliwapima sungura mwenyewe kimyakimya. Tulikula kwenye sinia moja bila kuzungumza, nikisikia tu meno yetu na redio ya Mama Chiku ng'ambo ya ua. Nilikuwa mtoto wa mdogo wake, nalala kwenye ghala lake, nakula chakula chake. Kwa desturi zetu nilikuwa nimeshavuka mpaka, na ilifaa niombe radhi. Sikuomba. Leo nikijitazama nikiwa na miaka ile, na miguu yangu myembamba na sare yenye harufu ya ufuta, ndilo jambo ninalojivunia kuliko vyeti vyote nilivyopata baadaye. Niliogopa, lakini nilikuwa nimeusoma mshale jicho likiwa sawa nao, na yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha.

Mchana mmoja wa Jumapili tulikaa uani tukimenya ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa. Ni kazi inayotaka vidole tu, kichwa kinabaki huru. Sungura walikuwa wameachiwa watambe uani, na Tatu alikuwa akitafuna kijiti miguuni pake. Nikasema, bila kumtazama: "Tatu angekuwa na ulimi, angekataa kwenda kwa bwana mifugo."

"Angekataa," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza la maana tangu siku ile.

"Ungemsikiliza?"

Akamenya mng'oko mmoja mpaka mwisho. "Tatu hana majirani," akasema.

"Majirani wameshasema, Mama Mkubwa. Wamesema bombani. Hawana kipya cha kuongeza."

Niliogopa nimevunja kitu. Aliweka kisu chini. Machozi yalimtoka bila sauti, na alipojipangusa kwa ncha ya khanga alikuwa anacheka kidogo pia. "Wamesema nimejifunga kama nini?"

"Mzigo wa kabichi."

"Kabichi!" Akacheka kweli sasa, mpaka Tatu akakimbia. Kisha akatulia. "Zuhura, nikienda wakanikuta na kile kilichomchukua marehemu?"

"Tutakuwa tumejua."

"Rahisi kusema."

"Manyoya yanadanganya," nilisema. "Ulisema mwenyewe. Nitakwenda na wewe. Tukienda hospitali ya Mnero hakuna anayetujua, tunaondoka alfajiri, tunarudi jioni."

Alifikiri. Hata leo nauona uso wake, mpana juu na umechongoka chini, umebadilika na mimi nikiutazama kila siku. "Hapana," akasema. "Maisha yangu yote nimewaambia wanawake walete watoto waonekane mbele ya watu, hata aliyekonda. Nikienda kujificha Mnero nitakuwa nimewadanganya wote. Twende hapahapa."

Jumatatu sikwenda shule. Alitoka chumbani amevaa gauni moja, la maua ya bluu, na khanga moja begani. Nilikuwa sijamwona hivyo kwa miezi. Mikono yake ilikuwa imekuwa mirefu, na gauni lilimning'inia kama limetundikwa msumarini. Njia ya hospitali ilipita bombani, na foleni ilikuwa imejaa. Tungeweza kuzunguka nyuma ya shule ya msingi. Hakuzunguka. Alitembea katikati ya barabara, mgongo wima, mkono wake mmoja umeshika wangu, na alipofika usawa wa bomba akasimama kabisa. "Asalaam aleikum, jamani." Wakaitikia, sauti zikipishana. "Nakwenda kupimwa," akasema. "Nimepungua, naona na ninyi mmeona." Kisha Mama Chiku, ambaye alikuwa mbele kabisa na ndoo yake imeshajaa, akaiacha palepale, akafunga khanga yake vizuri, akaja akashika mkono wake wa pili. Tukaenda watatu.

Daktari alikuwa mwanamke, mtu wa maneno machache, na alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Akauliza juu ya maji, juu ya kukojoa, juu ya macho. Akauliza amejuaje kwamba amepungua kiasi hicho ikiwa hajapimwa popote. Mama Mkubwa akanigeukia. "Mwambie." Nikaeleza habari ya paka, jinsi anavyopakatwa, jinsi ninavyotoa, na namba zilivyokuwa tangu Januari. Niliona aibu kidogo, nikidhani atacheka. Aliandika zote. Alipomaliza akasema wachukue damu kwa ajili ya sukari, na Mama Mkubwa akanyoosha mkono na kusema kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye benchi la nje: "Na kile kingine mkipime pia. Sitaki kuja hapa mara mbili kwa woga."

Ilikuwa sukari, tena imepanda vibaya. Daktari alituambia kwamba angechelewa kidogo angeletwa amebebwa. Kile kingine hakikuwepo. Nilipolisikia hilo nilikaa chini kwenye sakafu ya korido, na Mama Chiku alisema Alhamdulillah mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Lakini Mama Mkubwa mwenyewe hakushangilia kama sisi. Tulipokuwa tukirudi, ameshika mfuko wa vidonge, alisema polepole: "Hata kingekuwepo, nilikuwa nimeshafika." Nilimsikia akiirudia sentensi hiyo miaka mingi baadaye, akiwaambia wanawake wengine, na ndiyo iliyowasaidia kuliko ushauri wowote.

Alilazimika kuacha chai ya sukari, na kwa wiki ya kwanza nyumba ilikuwa na matanga ya chai. Alipunguza ugali, akaongeza mboga, akazoea vidonge vyake. Tukarudi kwenye Jumamosi zetu. Sasa alipanda mizani na Karani, kisha bila Karani, na akasema, "Soma zote mbili, kwa sauti." Mlangoni, kando ya masikio ya Karani na masikio marefu ya Pili na Tatu, alichora kilemba cha mwanamke, na chini yake tukaandika uzito wake, wiki hadi wiki, ukisimama kwanza, kisha ukianza kupanda taratibu. Mama Chiku akaja siku moja kuazima chungio, akatazama ule mlango, akavua ndala zake. "Nami nipime," alisema. Akapanda. Baada ya hapo wengine walifuata, wakijifanya wamepita tu, na hakuna tena aliyeuliza kama tunauza.

Nimewahi kumuuliza, nikiwa mtu mzima na watoto wangu, kama alikuwa hajui kweli kwamba ninauona uzito wake kila wiki. Yeye, mpimaji wa miaka yote ile. Angeweza kunifundisha mimi nimshike paka, nivumilie kucha, yeye asome. Au tungemtia Karani kwenye gunia. Aliendelea kupanda pale mbele yangu miezi yote hiyo huku akijivika magauni mawili mbele ya wengine. Aliniangalia, akatabasamu, akaniuliza kama nimeshakula. Sikuuliza tena.

Desemba shule ilipofungwa alisema hatanipandisha lori peke yangu, atanifikisha mwenyewe. Tulifika Ruangwa mchana wa msimu wa korosho, barabara nzima ikinuka mabibo, na nyumbani kuku alichinjwa kwa ajili yake. Tulikaa chini, wanaume kwenye mkeka wao na sisi kwenye wetu, milango yote wazi kwa joto. Mjomba wangu mkubwa, ambaye neno lake ndilo lilikuwa la mwisho katika nyumba yetu, aliitazama ripoti yangu ya shule, na haikuwa ripoti ya kutangaza. Nilikuwa katikati ya darasa. "Kwa hiyo huko Nachingwea," aliuliza, "huyu mtoto amejifunza nini?"

Mama Mkubwa alinawa mikono, akajifuta. Kisha akawaambia. Hakuacha kitu: magauni mawili, marehemu mumewe, aliyokuwa akiyaogopa, bomba, damu. Aliyataja kwa majina yake mbele ya kaka zake na shemeji zake, mambo ambayo mwanamke wa umri wake angezikwa nayo. "Nilikuwa napungua mbele ya watu wote," alisema, "nami nimewafungia mlango wote. Huyu aliniambia, nikamfokea, na hakurudi nyuma. Hilo ndilo alilojifunza." Mama yangu alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Watu walikuwa wameacha kula.

Kisha akanyoosha mkono kwenye bakuli la wanaume, ambalo hakuna mwanamke aliyeligusa nyumbani kwetu, akachukua firigisi, ile inayowekwa kwa ajili ya mkubwa wa nyumba, akaja akaiweka juu ya ugali wangu. Nilibaki nimeikodolea macho. Nilitazama upande wa Mjomba nikisubiri ngurumo. Aliitazama firigisi, akanitazama mimi, akamtazama dada yake. Halafu akalisukuma bakuli la mchuzi mpaka ukingoni mwa mkeka wetu.

"Chukua na mchuzi, mama," akaniambia. "Usiile kavu."